Mstari wa Mikonge

Kimeli ana tabia moja ambayo imemfanya achekwe kutoka Kiamunyi mpaka Gilgil. Akiingia katika nyumba yoyote, iwe ya ndugu yake au ya mtu aliyekutana naye asubuhi hiyo hiyo, hasalimii kwanza. Husimama mlangoni, akainua mguu wa kulia, akagonga sakafu kwa kisigino mara mbili, halafu akainamisha kichwa kusikiliza. Ndipo akumbuke kwamba kuna watu wanamngoja. Benki amegonga. Kanisani amegonga, tena siku ya harusi ya mpwa wake, maharusi wakiwa wamepiga magoti. Mkewe Cheptanui alichoka na mambo hayo, akanunua zulia akafunika nyumba nzima, na bado kila asubuhi humsikia mzee akilikunja pembeni ili apate pa kugonga.

Watu husema ni kazi imemwingia kichwani. Mtu aliyechora ramani za majengo miaka thelathini na mitano, wanasema, hakosi kasoro yake. Waache waseme. Mimi nitakwambia ukweli: Kimeli anaogopa, na wanaomtisha ni wawili. Mmoja alikuwa mpishi wa uji. Mwingine alikuwa bosi wake.

Bosi aliitwa Balwant Singh, na Nakuru nzima ilimjua kwa kilemba chake cha buluu na ukali wake kwa mafundi wavivu. Alimwajiri Kimeli akiwa kijana aliyetoka chuo cha ufundi, kalamu mfukoni na viatu vya kuazima. Balwant alipiga hesabu, Kimeli akachora. Hesabu zenyewe zilipigwa kwa penseli katika daftari za mraba za shule ya msingi, kwa sababu mzee huyo hakuamini mashine yoyote yenye betri. Akimaliza ukurasa huzungushia jibu duara, anampa Kimeli daftari na kusema, "Chora, lakini chora kama wewe ndiye utalala ndani." Walikaa hivyo miaka ishirini na mmoja, meza mbili zikitazamana, na sijui kama ndugu wa tumbo moja wanaweza kuelewana zaidi ya hapo.

Kisha ikaja kazi ya jiko la shule.

Ilikuwa shule ya bweni upande wa Gilgil, mwezi wa Februari, vumbi likiwa limeshatanda kama kawaida yake. Kimeli alitumwa kwanza kupima uwanja. Alikuta mikonge imepandwa mstari mmoja, ikikata uwanja kutoka kwenye jabali mpaka kwenye ua. Sasa, mtu aliyekulia huku akiona mikonge kwa mstari hana haja ya kuuliza. Ni mpaka. Ndivyo tunavyogawa mashamba: baba akizikwa, wana wanapanda mikonge, na ugomvi unaisha au ndio kwanza unaanza. Kimeli akafikiri kwamba shule iliunganisha mashamba mawili na mpaka ukabaki pale bila kazi. Akaita vijana watatu wenye majembe, na kufikia saa sita mchana hapakuwa na mkonge hata mmoja. Balwant alipofika alasiri alikuta uwanja mweupe, safi, akamsifu sana.

Jiko likasimama. Mwezi wa Machi Kimeli akapigiwa simu na mpishi mkuu, mama mmoja kutoka Bungoma aitwaye Naliaka, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde na kitambaa cha kijani ambacho hakikutoka kichwani.

"Injinia," alisema, maana huku mtu yeyote mwenye ramani mkononi ni injinia, "hii sakafu yako inalia kama debe tupu. Nikifagia naisikia. Si ukuje uone?"

Kimeli alikuwa na kazi Naivasha. "Mama, simiti ikikauka hulia hivyo. Weka mkeka."

Naliaka akacheka, akasema basi ataweka mkeka wa kanisa aombe akipika. Kimeli naye akacheka. Anakikumbuka sana kicheko kile.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku nne bila kupumua. Asubuhi ya siku ya tano, saa kumi na moja, Naliaka aliingia jikoni peke yake kuwasha moto wa uji wa wanafunzi mia tatu. Sakafu ikaenda naye.

Kulipopambazuka ufa ulikuwa umefunguka uwanja mzima, kutoka kwenye jabali mpaka kwenye ua, umenyooka. Kimeli alisimama ukingoni. Bibi mmoja jirani wa shule akaja akasimama kando yake, na akamweleza kwa sauti ya chini kwamba zamani shimo hilo lilimeza ndama wawili, ndipo wenyeji wakapanda mikonge juu yake mifugo isipite tena. Udongo wa huku ni majivu ya milima iliyolipuka kabla ya mtu yeyote kuzaliwa. Mvua hufungua ufa, upepo na maji huujaza tena, nyasi zinaota juu, na baada ya miaka michache hakuna anayejua tena isipokuwa mikonge.

"Ni nani alitoa?" bibi akauliza.

Kimeli akasema hajui.

Wiki hiyo hiyo, ofisini, Balwant alimwuliza mara moja tu. Alikuwa amekaa kwenye meza yake, penseli mkononi, kilemba kimelegea. "Kimeli, ile siku ya kwanza, palikuwa na kitu pale? Chochote?" Na Kimeli, ambaye alikuwa na watoto wanne shuleni na hofu ya jela moyoni, akamtazama mtu aliyemfundisha kazi, akamjibu, "Hapakuwa na kitu, Singh." Halafu akaandika ripoti kwa mwandiko wake mzuri: mvua kubwa kupita kiasi, na huenda msingi haukutosha.

Neno hilo la msingi ndilo lililomwua Balwant, ingawa ilichukua miaka sita. Alikataa kujenga tena hata banda la kuku. Alikwenda nyumbani na daftari zake akaanza kupiga hesabu ya ule msingi upya.

Basi hao ndio wawili wanaomfuata Kimeli. Naliaka humjia wakati wa kiangazi, upepo wa alasiri ukivuma, kwa sauti ya ufagio mahali ambapo hapana anayefagia. Balwant humjia kwa sauti ya penseli. Kimeli anaweza kuwa amekaa mezani kwake, peke yake, na meza ya mbele ikawa tupu kabisa, na bado akasikia penseli ikikwaruza karatasi, ikisimama, ikianza tena.

Meza ile ya mbele sasa ni ya Simran, binti ya Balwant. Alisomea usanifu wa majengo, akarudi, akafungua ofisi ya babake upya, na akamwita Kimeli atoke kwenye shamba lake la mahindi. "Anko, sina mtu mwingine anayejua hii ardhi," alimwambia. Hakuwa akimtania. Kimeli alikubali, na usiku wala mchana hakupata amani tangu hapo.

Mwaka jana mwishoni walipata kazi kubwa, ya kupanga chuo kizima cha ufundi na kilimo juu ya kilima kimoja kati ya Gilgil na Nakuru. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mfanyabiashara mmoja mchangamfu aitwaye Jamleck, alitaka tingatinga zikate kilima kiwe sawa kama uwanja wa mpira, halafu maghorofa yapangwe kwa safu. Simran alimkatalia kwa upole na kwa wiki tatu mfululizo. Alisema kilima kisikatwe, nyumba ndizo zikifuate. Madarasa yakae kama ngazi, kila moja likilala pembeni mwa mteremko, bati la darasa la chini likianzia miguuni mwa darasa la juu. Madirisha yatazame kaskazini na kusini ili jua kali la alasiri likute ukuta mnene wa mawe. Usiku huku ni baridi, na ukuta ulioshinda juani hurudisha joto lake pole pole. Maji ya mvua yashuke kwa mitaro yenye mawe kutoka bati hadi tangi, tangi hadi bwawa, bwawa hadi shamba la mafunzo, yasipate nafasi ya kukimbia na udongo.

Ilikuwa kazi nzuri. Kimeli aliichora mistari yake ya mwinuko mmoja mmoja, na mara kadhaa alisahau kabisa kusikiliza penseli.

Lakini kilima kilikuwa na pahali pamoja tambarare, kama kiganja, karibu na katikati. Simran akapaweka bweni la wasichana mia mbili na arobaini, maana hapo hapakuhitaji kuchimbwa sana. Na Kimeli alikuwa na jambo kuhusu pahali hapo ambalo hakulisema.

Mwezi wa Januari alikuwa amepanda kilima peke yake kwenda kukiona. Katikati ya ile tambarare alikuta mikonge kumi na saba kwa mstari mmoja, kutoka kwenye mti wa mzeituni mwitu mpaka kwenye jabali jeusi. Aliihesabu mara mbili. Alijiambia ni mpaka. Alijiambia atauliza majirani. Alijiambia wakichimba mashimo ya majaribio udongo wenyewe utasema, na yeye hatahitaji kusema lolote. Akashuka. Aliporudi wiki tatu baadaye, Jamleck alikuwa amefanya hisani: amepeleka trekta kusafisha uwanja, na mikonge yote ilikuwa imeng'olewa, imechomwa. Mashimo matatu yakachimbwa, na yote yakakutana na udongo mgumu. Ufa ni kitu chembamba, unaweza kuukosa kwa hatua mbili. Mtaalamu wa udongo akasaini.

Hivyo mstari ule ukabaki kichwani mwa mtu mmoja tu duniani. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua.

Jumanne ya wiki ya kuweka jiwe la msingi, saa nne asubuhi, walikuwa wote pale juu. Vijana wa hema walikuwa wakipima nafasi ya wageni. Boza la maji lilikuwa limeletwa kumwagia vumbi, na mashine ya kuchimba ya kukodi ilikuwa tayari kwa mtaro wa kwanza. Jamleck alizunguka akisalimia kila mtu kwa jina.

Kimeli alisimama kando ya mzeituni, na hapo ndipo alipomwona Naliaka.

Hakuwa mbali. Kitambaa cha kijani, mgongo umeinama, ufagio mkononi. Alikuwa akifagia vumbi kinyumenyume, bila haraka, kutoka kwenye mti kuelekea kwenye jabali jeusi. Kijana wa hema akapita palepale Naliaka alipokuwa, bila kukwepa, akiburuta kamba. Kimeli alitaka kupiga kelele, asipige. Akainua mguu, akagonga ardhi kwa kisigino mara mbili. Ardhi ikalia kama debe.

Akamwendea Simran. "Bweni lisikae hapa."

Jamleck ndiye aliyejibu. "Mzee, wacha hizo. Tumechimba mashimo matatu, yote iko sawa. Ijumaa askofu anakuja, wazazi wamealikwa. Unataka tuwaambie nini, kisigino chako kimeota?"

Vijana wa hema wakacheka. Simran hakucheka, ila alikuwa amechoka. "Anko, nipe sababu. Siwezi kuhamisha jengo kwa kisigino."

"Kulikuwa na mikonge. Kumi na saba. Kutoka hapa mpaka kwa lile jabali."

"Mikonge ni mpaka," akasema Jamleck. "Kila mtu anajua."

"Hata mimi nilijua hivyo," akasema Kimeli. Na akasimulia. Alisimulia akimtazama Simran peke yake, kwa sababu alihisi akitazama pembeni atamwona yule mwingine, babake Simran, amesimama akisikiliza. Alisema mikonge ya shule. Alisema vijana watatu na majembe. Alisema simu ya Naliaka na mkeka. Jamleck aliacha kuchezea funguo zake.

Simran alisikiliza bila kusogea. Kimeli alipomaliza, Simran aliuliza kitu kimoja ambacho mzee alijua tangu mwanzo kwamba kitaulizwa.

"Baba alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia hapakuwa na kitu."

Simran alivua kofia yake ya kazi, akatembea hadi kwenye rundo la mawe, akakaa akiwapa mgongo. Kimeli alikuwa tayari kwa matusi, na kofi angelipokea kwa shukrani, lakini Simran aliporudi macho yake yalikuwa makavu na hakumtazama. Alimwonyesha dereva wa mashine mahali. "Chimba hapa, katikati ya mti na jabali. Mita moja inatosha. Halafu boza limwage maji ndani."

Wakachimba. Udongo ulikuwa mgumu, wa kahawia, na Jamleck akaanza kupata tena rangi yake ya uso. Boza likafunguliwa. Maji yakajaa mtaro, yakatulia, yakaakisi mawingu, na kwa dakika tano hivi Kimeli alijiona mwendawazimu. Kisha majani makavu yaliyokuwa yakielea yakaanza kwenda upande mmoja. Yakazunguka. Katikati pakatokea tundu la ukubwa wa sufuria, maji yakaingia humo, na kutoka chini kabisa wakasikia yakianguka juu ya kitu kilichokuwa mbali. Boza zima likaisha. Hapakubaki hata tope.

Jamleck alirudi nyuma hatua moja, akaangalia alipokanyaga, akarudi nyingine. Halafu akawaita vijana wa hema kwa sauti ndogo isiyo yake, akawaambia wakunje kila kitu na wapitie upande wa juu.

Simran alikunjua ramani juu ya boneti ya gari. "Bweni linapanda kule juu, mbali na huu ufa. Tutalikata ngazi nne, lifuate mteremko kama mengine. Hapa katikati hapajengwi. Mikonge inarudi, na kila mwanafunzi anayeingia chuo hiki ataambiwa kwa nini." Akampa Kimeli kalamu. "Chora huo mstari kwa mkono wako."

Kimeli akaegemea boneti. Akachora. Simran akamwambia aandike jina lake chini yake. Akaandika.

"Ripoti ya jiko la shule utaiandika upya," akasema. "Kesho. Na watu wa Naliaka utawatafuta, hata kama ni Bungoma. Lakini leo utaenda kwetu. Mama yuko. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Mimi siwezi."

Nyumba ya Balwant haijabadilika. Ile sakafu ya vijiwe vilivyosuguliwa, ambayo Balwant aliimwaga mwenyewe mwaka aliooa, bado inang'aa. Kimeli alifika mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alisalimia kabla ya kitu kingine chochote. Mguu wake ulikataa kuinuka.

"Kimeli!" Manju, mjane wa Balwant, alifurahi kwa dhati. Mama huyo mwembamba, shali nyeupe mabegani, alimvuta mkono. "Umepotea sana. Kaa, chai iko kwa moto."

Alikaa. Akamwambia yote, kwa mpangilio ule ule, na safari hii haikuwa rahisi zaidi. Harufu ya tangawizi na maziwa ilikuwa ikija kutoka jikoni. Alipofika kwenye swali la Balwant na jibu lake, Manju aliinuka. Kimeli alidhani anamfukuza. Lakini alikwenda kwenye kabati, akafungua mlango wa chini, akatoa daftari za mraba, nyingi, akaziweka mezani mbili mbili. Zilikuwa ishirini na tatu.

"Kila jioni," akasema. "Hata hospitali alienda nayo moja. Angalia."

Kimeli akafungua ya juu. Uzito wa kuta, uzito wa bati, upana wa msingi. Jibu limezungushiwa duara. Akafungua ukurasa wa pili, hesabu ile ile, jibu lile lile, duara. Wa tatu. Akafungua daftari nyingine. Mwandiko ulizidi kulegea kadiri miaka ilivyokwenda, lakini jibu halikubadilika hata mara moja.

"Nilikuwa namwambia, Balwant, jibu ni moja, wacha sasa," Manju akasema. "Anasema, basi kosa liko mahali sioni. Anaanza tena."

Kimeli hakuweza kuinua kichwa. Alisikia penseli ikikwaruza, karibu sana, kana kwamba iko upande wa pili wa meza, na hakujua kama Manju naye anaisikia.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema Manju. "Kabla hajaenda. Kuna mtu alimwambia hesabu yake ilikuwa sawa?"

"Hapana, Mama Simran. Hakuna mtu alimwambia."

Manju akazikusanya daftari moja moja, akazilinganisha kingo kwa viganja, akazirudisha kabatini na kufunga mlango. Kisha akaenda jikoni akazima moto chini ya ile chai, asimimine hata kikombe.